Basi la Barua la Njombe

Nina diploma. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi kila nyumba ina mtoto wa chuo, na vijana hawajui neno hilo lilikuwa na uzito gani Njombe wakati wa Mwingereza. Katika kilima chetu chote, kuanzia darajani mpaka kwenye miti ya misioni, nilikuwa wa kwanza kuipata, na kwa muda mrefu nilibaki peke yangu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilisoma kwa kuosha masufuria ya wamisionari. Niliondoka nyumbani na shati moja la kubadilisha, na niliporudi kutoka Kampala nilikuwa na suti ya kijivu, kofia, sanduku la ngozi lenye kufuli mbili, na kazi ya Bwana Shamba ikinisubiri bomani Njombe.

Nyumba ninayoandikia haya nimeijenga mwenyewe. Miti ya miwati inayoizunguka nimeipanda mwenyewe. Sikurithi hata mpini wa jembe. Watu hunisifu kwa hilo, wakidhani nilikataa urithi kwa ukubwa wa elimu. Sikukataa. Nilicheleweshwa na basi.

Basi hilo lilitoka Iringa, likapumzika Makambako, likapanda Njombe na kuendelea mpaka Songea, kisha likarudi njia ile ile. Mbele, kando ya dereva, walikaa Wazungu. Nyuma yao palikuwa na viti vya ngozi vya daraja la pili, vya Wahindi na makarani. Wengine wote walibanana kwenye mabenchi ya mbao pamoja na kuku wao. Na nyuma kabisa, katika chumba kidogo chenye wavu wa chuma na kufuli, zilikaa barua. Barua ndizo zilizokuwa abiria wa kweli. Serikali ililipa ili zifike siku iliyopangwa, kwa hiyo basi liliondoka hata likiwa tupu, mvua inyeshe isinyeshe, magurudumu yamefungwa minyororo ili yasiteleze kwenye udongo mwekundu. Sisi tulibebwa kwa hisani ya barua, ila hatukulijua hilo. Tulidhani basi ni letu.

Kwenye daraja la kwetu dereva alipiga honi ndefu ili mtu wa misioni ashuke kuchukua mfuko wake. Honi hiyo ilisikika mpaka ng'ambo ya kilima, nasi tukaifanya saa yetu. Vijana wetu wengi walikuwa manamba kwenye mkonge huko Tanga, na wote walirudi kwa basi hilo, hivyo hata mambo ya ukoo yakafungwa kwenye honi. Posa zilipelekwa siku ya basi. Mtu akifa, alizikwa haraka kama kawaida, lakini msiba haukumalizwa mpaka basi lipite, ili mwana aliye mbali ahesabiwe kuwa amepewa nafasi yake. Honi ikilia, wazee walisubiri kiasi cha mtu kupanda kilima kutoka darajani. Akitokea, vizuri. Asipotokea, kazi iliendelea bila yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa kumvika mrithi koti la marehemu. Kanisani tulikuwa Walutheri, tuliimba na kusali kwanza mbele ya nyumba, kisha mzee wa kanisa alipokwisha kuondoka, ukoo ulihamia nyuma ya nyumba na koti likatolewa. Aliyevikwa alikuwa baba kuanzia saa ile. Mashamba yalikuwa yake, na wajane walikuwa mkononi mwake. Walipiga magoti mbele za watu wote wakamwamkia kwa kumwita baba, na baada ya hapo yeye ndiye aliyesema nani akae nyumba ipi na nani alime wapi.

Baba yangu alikuwa na wake wawili, jambo lililomfanya akae benchi la nyuma kanisani maisha yake yote bila kugusa meza ya Bwana. Mama yangu alikuwa wa pili. Mimi nilizaliwa kabla ya mwana wa mama mkubwa, na hilo mama mkubwa hakulisamehe. Alikuwa akitamani sana vinyungu vya mama yangu, yaani vile vishamba vya bondeni kando ya kijito ambavyo hutoa mahindi mabichi wakati nchi nzima imekauka. Mama alivichimbia mifereji kwa mikono yake. Baba alikwisha sema mbele ya mdogo wake kwamba koti ni langu, na kwamba mama asiondolewe bondeni. Lakini asiyekuwepo havikwi. Hilo hata baba asingeweza kulibadili.

Nilipokuwa masomoni, basi lilianza kufa. Kwanza Wazungu walinunua magari yao wenyewe, na kiti cha mbele kikabaki cha mke wa dereva. Halafu malori ya magome ya miwati yakaanza kubeba watu juu ya mzigo kwa bei ya kutupa. Mwisho Serikali ikampa mtu mwingine mwenye gari dogo kazi ya kupeleka barua. Siku ile ile chumba cha wavu kilipobaki wazi, basi lilikosa sababu ya kuondoka. Likawa linasubiri kujaa. Na watu walipoona linasubiri, walikimbilia malori, hivyo halikujaa kamwe. Hiyo ni elimu ndogo ya uchumi ambayo kampuni haikuhitaji diploma kuielewa, ila sisi wasafiri tulikuwa wa mwisho kuambiwa.

Nilifika Iringa nikitoka Kampala, kwa meli, kwa gari moshi na kwa basi la Dodoma. Sokoni nilikutana na fundi cherehani wa kwetu. Alinitambua kwa paji la uso.

"Kamwene," akanisalimu, kisha akavua kofia. "Pole sana. Mzee ametangulia. Amekwisha kuzikwa."

Nilimuuliza kama msiba umemalizwa.

"Bado. Baba yako mdogo amesema honi ya kwanza itakayolia, uwemo usiwemo. Sasa shukuru Mungu, kule kwetu honi haijalia siku nyingi."

Nililia kidogo nyuma ya kibanda chake, kisha nikawaza kama mtu aliyesoma. Honi ya kwanza itakuwa ya basi linalopanda kutoka Makambako. Nami nitakuwa ndani ya basi hilo. Kwa hiyo honi haiwezi kulia kabla yangu. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi maishani na bado sioni palipo na kosa. Nilikata tiketi ya daraja la pili mpaka kwetu, nikapanda.

Basi lile la Iringa lilikuwa linaelekea Mbeya, maana siku hizo la Njombe lilipandiwa Makambako. Lilitushusha Makambako kwenye njia panda, likageuza pua na kuondoka. Makambako ya wakati huo ilikuwa maduka machache ya mabati, upepo, na vumbi lililoingia mpaka kwenye meno. Wakala wa basi alikuwa mwenye duka mmoja, mtu mnene aliyevaa sweta mbili. Nilimwonyesha tiketi yangu.

"Daraja la pili," alisema akiishika kwa ncha za vidole. "Hongera. Litakuja kesho."

"Ratiba ukutani inasema leo."

"Basi soma ratiba, upande hiyo ratiba."

Watu waliokuwa barazani wakacheka. Walikuwepo hapo kabla yangu, na kicheko ndicho kitu pekee walichokuwa wamebaki nacho. Kesho yake nilipouliza, wakala alisema kesho. Siku iliyofuata alinyoosha kidole tu kuelekea njia ya Njombe kama mtu anayeonyesha ng'ombe malisho. Aliyetaka kurudishiwa nauli aliambiwa basi limekwisha kutoka Songea, lipo njiani, na ukiondoka hapa tiketi yako imekufa.

Palikuwa na mama mmoja wa Kitandililo aliyetuuzia viazi vya kuchemsha. Kila asubuhi alipandisha bei na kila asubuhi alinitafutia jina jipya.

"Karibu viazi, Bwana Mkubwa. Au Kampala mnakula tai za shingoni?"

"Nipe viwili."

"Viwili tu? Mwili mkubwa hivyo na kichwa kizito hivyo? Mwanangu, elimu hiyo utaibebaje?"

"Mama, niheshimu. Mimi nimefiwa."

"Pole. Hapa wote tumefiwa na basi. Viazi viwili, lete hela."

Kati ya waliongoja alikuwepo manamba mmoja aliyerudi kutoka mkonge akikohoa damu kwenye kitambaa. Wakala alimfukuza barazani kwa sababu wateja walikuwa wanaogopa kuingia dukani. Alihamia kwenye jua, jua lilipogeuka akahamia tena, na hakuna aliyemsogezea gunia la kukalia. Siku zile kifua kilichukuliwa kama laana. Nami sikumsogelea.

Kisha lilikuja lori la chumvi likielekea Njombe. Dereva wake alikuwa kijana mwenye bereti. Alisema barabara imeoza huko mbele, atachukua watu wa kusukuma tu, na kila mtu alipe vile vile. Watu waliparamia. Hata yule manamba walimvuta juu, si kwa huruma, ila alikuwa mwepesi na alilipa bila kubishana. Nami nilichukua sanduku langu. Kijana akaniangalia kuanzia kofia mpaka viatu.

"Wewe vua koti na viatu, uweke chini ya kiti. Hapa hakuna wa kuangalia wenzake wakisukuma."

"Mimi nina tiketi ya daraja la pili ya basi," nilimwambia. "Unipe nafasi ya mbele, nitakulipa."

"Mbele anakaa shemeji yangu. Vua, au baki na tiketi yako."

"Avue?" yule mama wa viazi alidakia. "Akivua itabaki nini? Suti ndiyo bwana mwenyewe."

Walicheka mpaka lori likatikisika. Sikuvua. Nilikuwa nimeshona suti ile kwa kushinda njaa, na sikurudi nchini kwetu ili nikasukume chumvi ya watu. Tena hesabu yangu ilikuwa pale pale: honi ilikuwa ya basi, si ya lori, na basi lilikuwa njiani. Lori likaondoka, nikabaki barazani na wakala, na kwa mara ya kwanza alinipa kiti.

Asubuhi iliyofuata basi lilikuja. Ila lilitokea upande wa Njombe. Nililiona likishuka taratibu, likiyumba, na moyo wangu ulifurahi, kwa maana nilidhani limeleta watu na sasa litageuza. Lilipofika karibu niliona halikuwa na mtu. Viti vya ngozi vilikuwa vimeng'olewa. Mlango wa chumba cha barua ulikuwa ukipigapiga kwa upepo, na ndani yake mlikuwa na ndizi za dereva.

Dereva alikuwa yule yule wa zamani, mzee sasa, mweupe kichwani. Alikuwa akinibeba bure nilipokuwa mwanafunzi. Nilimwamkia, nikamwuliza anageuza saa ngapi.

"Sigeuzi, mwanangu. Lilikuwa limeharibika Songea, wameniambia nilikokote mpaka Iringa likauzwe. Njia hii imefungwa. Hamkuambiwa?"

Nilimtazama wakala. Alikuwa akipanga makopo ya mafuta ya taa.

"Nimeaga vituo vyote," mzee aliendelea, machozi yakimlengalenga. "Kila mahali nilipokuwa nikisimama nimepiga honi. Kwenu pale darajani nimepiga ndefu kuliko kwingine kote. Jana mchana. Nikaona watu wamejaa kilimani, wamesimama, wananitazama. Nikawapungia mkono. Nikasema moyoni, kumbe watu hawa walinipenda."

Nilikaa chini kwenye vumbi na suti yangu. Mzee alidhani ni uchungu wa basi, akanipigapiga begani, akanipa ndizi.

Sanduku nilimwachia wakala, nikaenda kwa miguu. Viatu nilivivua mwenyewe kabla sijafika mbali. Njiani nilimkuta yule manamba ameketi kando ya barabara, blanketi begani. Watu wa lori walikuwa wamemshusha kwa sababu alichafua magunia. Aliniomba maji. Sikuwa nayo, nikapita. Nililala kwa watu nisiowajua, nikaondoka alfajiri, na jua lilipoanza kushuka nilikuwa napanda kilima chetu.

Nyuma ya nyumba walikuwa bado wanamalizia pombe ya ulanzi. Baba mdogo alikaa kwenye kigoda. Ndugu yangu, mwana wa mama mkubwa, alikaa juu ya kiti cha baba, naye alikuwa amevaa koti. Lilikuwa koti la jeshi, baba alirudi nalo kutoka vita vya Wajerumani, na mikono yake ilimfika ndugu yangu kwenye kucha. Alikuwa akitoka jasho ndani yake lakini hakulivua.

Niliwaamkia. Waliitikia wote, kwa adabu kabisa.

"Pole na safari," baba mdogo alisema. "Umetembea?"

"Nimetembea. Baba mdogo, basi lililopiga honi lilikuwa linatoka Songea. Mimi nilikuwa Makambako. Nisingeweza kuwa ndani yake."

"Lilikuwa basi au halikuwa basi?"

"Lilikuwa basi. Lakini lilikuwa linakwenda upande wa pili, tena tupu, linakwenda kuuzwa. Mliliona vumbi lilikoelekea."

"Vumbi tuliliona." Alikunywa, akafuta ndevu. "Mimi sikusema vumbi. Nilisema honi ya kwanza, na watu hawa wote walisikia. Honi imelia. Tumesubiri kiasi cha mtu kupanda, na cha mtu mwenye mzigo, na cha kilema. Hukutokea. Tungefanyaje, wewe uliyesoma? Tungeivika hewa koti?"

Watu waliguna kwa kicheko cha msibani, kile cha puani. Nilisema maneno mengi. Nilieleza ratiba, nilieleza kampuni, nilieleza jinsi barua zilivyohamishwa. Nilikuwa na haki katika kila neno na kila mmoja pale alijua nina haki. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza mvua, kisha akasema, "Ndugu yako amekwisha kuitwa baba. Ukitaka tuliite neno hilo lirudi mdomoni, tuonyeshe linavyorudi."

Baadaye nilikuwa Bwana Shamba wa eneo lile lote. Nilipita hapo na gari la Serikali, kofia kichwani, na ndugu yangu alisimama kando ya njia kama wengine. Alipokuja bomani kuomba miche ya miwati nilimweka kwenye benchi la nje mpaka ofisi ikafungwa, na alipokuja tena nilimweka tena. Miche yangu mwenyewe ilikuwa imekwisha kuwa msitu. Nimekula na mabwana shauri wa Kizungu meza moja. Haya yote niliyapata bila koti la mtu, na ninayasema bila aibu. Lakini vinyungu vya mama vilichukuliwa msimu ule ule, akapewa kipande cha juu kwenye mawe. Nilimtaka aje kwangu mjini kwenye nyumba ya sakafu ya saruji, akakataa, kwa sababu ruhusa ya kuondoka ilikuwa ya kuombwa kwa ndugu yangu, na ndugu yangu hakuitoa. Mama alifia kwenye yale mawe.

Jioni ile niliyofika, nilikuwa sijayajua bado hayo. Nilikuwa nimekaa kwenye gogo, miguu imechubuka, sijala tangu jana yake. Mama alitoka jikoni na kichwa kilichonyolewa. Nilikuwa sijamwona tangu niende Kampala. Alinitazama mara moja, kuanzia usoni mpaka kwenye suti iliyochafuka, kisha akapita mbele yangu, akaenda mpaka kwenye kiti cha baba na kupiga magoti mbele ya kijana ambaye yeye mwenyewe alimfunga nepi utotoni.

"Baba," alimwambia, "naomba nimpe chakula."

Ndugu yangu alikunjua mkono mmoja wa koti, akaukunja tena, akamtazama mama yake, yule mkubwa, aliyekuwa ameegemea ukuta. Mama hakuinua kichwa.

"Haya," ndugu yangu alisema mwishowe. "Mpe mgeni chakula."

Mama aliniletea ugali na maharage kwenye bakuli la wageni, akaliweka chini kwa mikono miwili kama anavyowekewa mtu wa mbali, akanimwagia maji ya kunawa, na hakukaa. Nilikula mbele yao wote mpaka bakuli likaisha.